Chupa Iliyozibuliwa Dukani

Jumatano ile mama alipika viazi bila kuvimenya. Alichemsha mayai kumi na mawili akayaacha ndani ya maganda yake. Ndizi mbivu alizipanga kwenye sinia jinsi zilivyotoka sokoni, na jibini ya Masisi aliinunua nzima, duara lake halijaguswa na kisu. Samaki peke yake ndiye aliyeungwa mchuzi kwenye sufuria, na hata kwa huyo mama aliamua kwamba sufuria ingewekwa katikati ya meza, na kila mtu angejipakulia mwenyewe kutoka humo humo.

Mgeni wake alikuwa mmoja tu: papa mukubwa, kaka wa marehemu baba yetu. Alikuwa hajala wala kunywa nyumbani kwetu kwa miaka minne.

Sababu haikuwa siri. Baba alikufa kwa tumbo, kwa siku tatu, akitapika damu. Hospitali iliandika kwamba ni kidonda cha tumbo kilichopasuka, na kidonda hicho sote tulikijua. Tangu nikiwa mtoto nilimwona akikoroga unga mweupe wa dawa kila asubuhi. Lakini kwenye kilio, uani kwetu, chini ya turubai, papa mukubwa alimuuliza mtu ndugu yake alikula nini siku ile na nani alimpakulia. Yule mtu akamuuliza mwingine. Hakuna aliyetaja neno lenyewe. Kwetu Goma halihitaji kutajwa. Kuna sumu ya polepole ambayo watu huiita karuho, na wapo wengi waliokufa kwa malaria, kwa ini au kwa kisukari ambao mpaka leo inasemekana walikufa kwa karuho. Ndiyo maana katika nyumba zetu mgeni haletewi chupa iliyokwisha kufunguliwa. Bia, soda, maji, vyote vinafika mezani vimezibwa, unaonyeshwa, ndipo vinafunguliwa mbele ya macho yako. Mtu anaweza kusahau kukusalimia vizuri ukamsamehe. Kusahau hilo ni kitu kingine.

Nililisahau mimi.

Mdogo wangu wa kike alikuwa amepata mchumba, na familia ya kijana ilipanga kuja Jumamosi kumwomba rasmi. Katika familia kama yetu, zilizotoka upande wa Rutshuru, baba akiwa hayupo ni kaka yake anayekaa kwenye kiti cha mbele na kujibu kwa niaba yake. Kiti kikiwa kitupu wageni watauliza sababu. Wakiuliza, jirani wa kwanza atawaambia. Na hakuna familia inayopeleka kijana wake kwa binti wa mwanamke ambaye, watu wanasema, alimpakulia mume wake kifo.

Mdogo wangu hakusubiri mtu amsaidie. Alipanda gari la Kibumba peke yake, akamkuta papa mukubwa katikati ya shamba lake la kabeji, akapiga magoti kwenye matuta. Alipigiwa magoti na mtoto wa ndugu yake, basi akajibu.

"Nitakuja siku ya tatu, nikule kwanza. Kama nimeshindwa kula kwenu, siku ya posho musiningoje."

Siku ya tatu ni Jumatano, na siku ya posho ni Jumamosi. Aliongeza kwamba daktari amemkataza bia kwa ajili ya vidole vya miguu vinavyovimba, lakini divai nyekundu kidogo, hiyo hakuikataza. Mdogo wangu alirudi na maneno hayo kama mtu aliyebeba mayai mikononi.

"Kama anataka divai, atapata divai," mama alisema. Akanigeukia. "Wewe ndiye utaenda kuinunua. Ulete vile iko. Usiiguse."

Vitu vyote vingine vya jioni ile mama alivishika mwenyewe. Kwangu aliacha kimoja.

Siku nzima hali ya hewa ilikuwa ya ajabu. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa nguo kwenye kamba. Watu walikuwa wakitoka nje kutazama upande wa volkano, kama tunavyofanya kila mara hewa ikiwa nzito, lakini Nyiragongo haikuonekana kabisa. Wingu lililoufunika mlima halikuwa jeusi wala la kijivu. Lilikuwa na rangi ya kijani iliyochafuka, rangi ya jeraha la siku nyingi, nalo lilikuwa likishuka. Upande wa ziwa jua bado lilikuwa linawaka.

Nilifika kwenye duka moja huko Katindo saa kumi na moja. Nilichagua chupa ya kizibo cha mti, si ile ya kifuniko cha kuzungusha, kwa sababu niliona ya kizibo ina heshima zaidi. Muuza duka, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliishika chupa akaniangalia.

"Mama, muko na tire-bouchon ku nyumba?"

Hatukuwa na kizibuo. Nyumbani kwetu divai haikuwa kinywaji cha kila siku. Baba aliinywa Noeli tu, kwa jirani. Muuza duka alikuwa nacho kimoja, chake mwenyewe, hakikuwa cha kuuzwa. Nilijiona tayari nikisukuma kizibo ndani kwa bisibisi na nyundo, vipande vikielea kwenye glasi, papa mukubwa akitazama. Nje mwendesha pikipiki aliyenileta alikuwa akipiga honi.

"Mama, twende! Hii mvua haiko ya kucheza nayo!"

"Lete nikufungulie," muuza duka alisema. "Nitarudisha kizibo polepole, utafika nayo bila kumwaga."

Nilisema sawa, ahsante. Nikaenda kusimama mlangoni.

Kazi yangu ni kuandika habari za redio. Nimefundishwa kuangalia mikono ya mtu anaposema, kuuliza nani alikuwepo, nani aliona kwa macho yake. Dakika ile nilikuwa nimempa mgongo muuza duka na ninaangalia mawingu. Baridi ilitokea ghafla, kama mtu amefungua friji kubwa mbele ya barabara, na upande wa ziwa nao ukazima.

Nyumba yetu iko Ndosho, ya mbao, juu ya mawe meusi ya lava, na bati lake ni la zamani. Niliiweka chupa juu ya kabati, nikaifunika kwa kitambaa. Mama alikuwa ameinama kwenye mbabula, jiko letu dogo, akipuliza makaa. Hakuinua kichwa.

"Imefika?"

"Imefika."

Papa mukubwa aliingia saa kumi na mbili na nusu, amevaa koti zito na buti za mpira, nyuma yake gunia la kabeji lililoshushwa kutoka kwenye pikipiki.

"Batoto, kuyeni mubebe. Hizi nimekata asubuhi na mukono yangu. Hata dawa ya wadudu sikutia."

"Basi tutakula bila kuogopa, shemeji," mama alisema.

Neno hilo lilisemwa kwa tabasamu, na yeye akalipokea kwa tabasamu, lakini mdogo wangu aliyekuwa ameshika upande mmoja wa gunia alisimama palepale. Gunia tuliliacha nje, kando ya ngazi.

Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Kiti cha baba, chenye mikono ya mbao, kilikuwa upande wa pili wa meza, na hakukiangalia. Hakuvua koti. Tulisali. Mama alisogeza sinia la viazi katikati.

Papa mukubwa alitoa kisu chake mfukoni, kisu kidogo cha kukunja, akamenya kiazi. Alimenya taratibu, ganda likitoka refu bila kukatika. Akakila. Kisha akachukua yai. Aliligeuza karibu na taa, akatafuta ufa kwa kidole gumba, hakuupata, akaligonga kwenye ukingo wa meza. Mama alikuwa akimtazama bila kupepesa, na ninaamini alikuwa akihesabu: kiazi, yai. Mdogo wangu alishusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Sote tulikuwa tunajua kwamba hayo bado hayajawa kitu. Kiazi na yai mtu anaweza kula hata kwa adui yake. Kinachohesabiwa ni kinywaji.

"Sasa divai," mama aliniambia.

Niliinuka. Niliposhika chupa na kuondoa kitambaa, ndipo nilipoona nilichokifanya. Karatasi ya shingoni haikuwepo. Kizibo kilikuwa kimesimama nje kwa urefu wa nusu kidole, kimepinda kidogo. Nilikuwa nimeibeba hivyo kutoka Katindo mpaka Ndosho, nimeikumbatia kifuani juu ya pikipiki, na sikuiona. Hatua kutoka kabatini mpaka mezani ni nne. Sikupata la kufanya ndani ya hatua nne.

Papa mukubwa aliipokea kwa mikono miwili. Alisoma jina. Kisha akaweka kidole gumba juu ya kizibo na kukibonyeza. Kizibo kikashuka bila ubishi.

"Hii ilifunguliwa wapi?"

Kabla mtu hajajibu, kitu kiligonga bati mara moja, kwa nguvu, juu ya vichwa vyetu. Sote tulijikunja. Mdogo wangu alikuwa tayari chini ya meza. Katika mji wetu mwili unajua cha kufanya kabla ya akili. Kikagonga cha pili, cha tatu, kisha vikawa vingi mno kuwa risasi tulizozidhani, na mama akasema, "Ni mvua ya mawe," na bati lote likaanza kuunguruma. Umeme ukakatika. Ikabaki taa ndogo ya sola juu ya meza.

Papa mukubwa alisimama, akafungua mlango. Ua ulikuwa mweupe. Mawe ya barafu yalikuwa yanaruka juu ya lava, mengine makubwa kama mayai ya njiwa, na pikipiki iliyomleta ilikuwa imekwisha ondoka. Alibaki amesimama kizingitini, chupa bado mkononi.

"Kule kwetu juu ni kawaida," alisema kwa sauti kubwa, bila kutugeukia. "Lakini huku chini, kwa ziwa? Sijaonaka hivi."

Akafunga mlango. Hakuwa na pa kwenda. Akarudi kukaa, akaiweka chupa mezani, mbali naye.

"Nimeuliza. Ilifunguliwa wapi?"

"Papa, ni mimi," nilisema. Ilibidi nipaze sauti. "Nilifunguza ku duka. Hatuna tire-bouchon. Mama hajui kitu."

Ilikuwa kweli, mama hakujua. Nilimwona akiangalia kizibo, kisha akiniangalia mimi, na sijawahi kumwona akichoka haraka namna ile.

"Ulikuwa unaangalia wakati anafungua?"

"Ndiyo, papa."

"Ulimuona kwa macho yako?"

"Nilimuona."

Uongo ulitoka vizuri, kama sentensi niliyoiandika mwenyewe.

Mama aliinuka. Alileta glasi moja, si nne. Akavuta kizibo kwa vidole, akamimina mpaka katikati, akanywa mbele yetu kiasi cha mafunda matatu, akafuta ukingo wa glasi kwa kiganja.

"Shemeji, wewe kuonja haisaidii kitu," papa mukubwa alisema. "Banasema mwenye kutia karuho anakunywaka dawa ya kuizuia mbele."

"Banasema. Nani?"

Mvua ya mawe ilijibu kwa niaba yake. Bati lilikuwa linapiga kelele kiasi kwamba kila neno ilibidi lirushwe, na hata neno la kawaida lilifika kama tusi.

Mama alimpa mdogo wangu glasi. Mdogo wangu aliishika kwa mikono yote miwili na kunywa bila kufikiri, mpaka akakohoa. Alikuwa tayari kunywa hata petroli ili Jumamosi ifike. Kisha glasi ikaja kwangu.

Niliiinua. Ilinukia vizuri, kama matunda yaliyokaa siku mbili. Ikafika karibu na mdomo, ikasimama. Niliona mlango wa duka, wingu la kijani, nikasikia honi ya pikipiki. Mikono ya muuza duka sikuiona. Mzee mpole, miwani ya uzi, ndiyo, lakini nilijua nini juu yake? Na chupa ilikaa saa nzima juu ya kabati nikiwa chumbani ninabadilisha nguo, na aliyekuwa akiingia na kutoka sebuleni peke yake alikuwa mama.

Wazo hilo lilinijia. Ninaliandika kwa sababu lilikuja kweli. Miaka minne nilikuwa nikiwajibu watu kwa hasira, nikionyesha karatasi ya hospitali, na katika miaka hiyo yote nilikuwa nimekaa juu ya swali bila kuliangalia, kama mtu anayekalia kiti kilicho na msumari na kutosogea.

"Wewe uliona," papa mukubwa alisema. "Basi kunywa."

"Sikuona," nilisema.

"Unasema?"

"Sikuona! Nilikuwa mulangoni, naangalia mawingu. Nilidanganya."

Aliegemea nyuma. Alininyooshea kidole mbele ya mama, akacheka kicheko kifupi kisichokuwa na furaha.

"Shemeji, ona. Hata mutoto wako mwenyewe anaogopa."

Nilinywa hapo hapo, mara moja, mpaka glasi ikawa tupu. Nilikuwa nimechelewa. Mama alikuwa ameniona, na haukuwa uongo wangu alioutazama. Alikuwa anaitazama glasi niliyoikataa kwa muda wa pumzi tatu.

"Huyu nilimuzaa mimi," alisema. "Kuogopa, mulimufundisha nyinyi."

Alichukua glasi mkononi mwangu, akaijaza tena, akaiweka katikati ya meza, karibu na sufuria ya samaki ambayo hakuna aliyekuwa ameifunua. Kisha akakaa. Na alipoanza kusema hakupaza sauti. Alisema kama anavyosema na mtu aliye karibu, huku mawe yakilipiga bati, hivi kwamba papa mukubwa alilazimika kuinama mbele, akaweka viwiko mezani, ili amsikie.

"Shemeji, pale ku kilio uliuliza kila mutu ndugu yako alikula nini. Mimi haukuniuliza. Miaka ine. Niulize sasa."

Papa mukubwa alikikunja kisu chake.

"Niulize."

"Alikula nini?"

"Asubuhi, chai bila sukari na nusu ya mukate. Nusu ingine nilikula mimi. Saa sita, maharagwe. Huyu mukubwa ndiye alipika, tulikula wote ine. Mangaribi alisema tumbo inamuwaka, hataki chakula. Aliomba maziwa."

Mimi nilikuwa nimekwisha kumbuka.

"Maziwa ilitoka kwako," mama alisema. "Kidumu ya njano, ya litre tano. Ulituma na dereva ya Kibumba, ilizibwa na jani ya ndizi. Haikukuwa na kifuniko. Nani aliifunga, nani aliifungua mu njia, hakuna mutu aliuliza. Alikunywa kikombe kimoja. Ile ndiyo kitu ya mwisho ilipita ku koo yake. Kisha akaanza kutapika."

Mdogo wangu aliweka mkono mdomoni.

"Ilikuwa maziwa muzuri," mama aliendelea, sauti ileile. "Najua, sababu kikombe ya pili nilikunywa mimi. Lakini pale ku kilio, wakati ulikuwa unauliza watu, ningelisema neno moja tu. Kidumu. Wangelirudi Kibumba na wewe ukiwa mbele yao, kama muuaji. Sikusema. Nilijua unamupenda ndugu yako. Nilifikiri na wewe utajua vilevile juu yangu."

Mvua ilikuwa imeanza kulegea na kati ya pigo moja na jingine mtu aliweza kusikia makaa yakipasuka jikoni. Papa mukubwa alikuwa anaangalia mikono yake, mikono ya mkulima, udongo wa Kibumba bado kwenye kucha. Nilidhani atabisha. Nilidhani atauliza dereva alikuwa nani, kama ambavyo mimi ningeuliza.

Aliinua glasi. Aliiangalia mbele ya taa, akaona hakuna kitu cha kuona, akainywa. Si mafunda matatu. Aliinywa yote, kwa mikupuo miwili, shingo yake ikipanda na kushuka, na akaiweka mezani kifudifudi, kama tunavyofanya kuonyesha kwamba hakuna kilichobaki.

"Ni kali," alisema.

"Ni ya bei ndogo," nilisema, na nikajuta kufungua mdomo.

Mvua ya mawe ikaisha. Sasa papa mukubwa angeweza kuondoka, na hakuondoka. Alikaa mkono mmoja juu ya koti, usawa wa tumbo, akisikiliza ndani yake. Tulimngoja naye. Ni jambo la ajabu kukaa mezani na mtu anayengoja kuona kama atakufa nyumbani kwako. Mdogo wangu alikuwa anaangalia saa ya ukutani. Mama alifunua sufuria, mvuke ukapanda, akajipakulia samaki, akaanza kula.

Baada ya muda papa mukubwa alivua koti.

Akasogeza sahani yake, akajipakulia kichwa cha samaki na mchuzi, akamimina divai tena, safari hii kwenye glasi mbili, yake na ile ya pili mama aliyoenda kuileta. Mdogo wangu alikwenda jikoni. Nilimsikia akilia kule, kwa sauti ya chini, huku akigonganisha sahani ili tusisikie.

"Posho nitakuja saa ine ya asubuhi," papa mukubwa alisema, mifupa ya samaki mdomoni. "Wageni wasinikute mu njia. Ile kiti ya marehemu bado inakalika?"

"Inakalika. Hakuna mutu alikatazwa."

Hakusema pole. Sikumsikia akiisema wakati wowote baadaye. Simu yake iliita. Alikuwa mke wake, kutoka Kibumba. Alisikiliza, akashangaa, akatuambia kwamba kule hakujanyesha hata tone.

"Mawe yote imekuja huku kwenu," alisema, na kwa mara ya kwanza alicheka kama mtu anayecheka. Alipotoka kwenda kulala kwa kijana wake huko Mugunga, alilikuta gunia la kabeji kando ya ngazi limepigwa na mawe mpaka majani ya juu yametoboka. Aliligusa kwa ncha ya buti. "Mutoe ya inje, ya ndani iko muzima. Mukule."

Tulivyokuwa tunaosha vyombo, mimi na mama, barafu uani ilikuwa inayeyuka na maji yanatiririka kwenye nyufa za lava. Aliniachia glasi kuiosha. Ilikuwa moja, nyingine alikuwa amekwisha kuikausha.

"Ulikawia," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Juu ya ule muzee wa duka, ao juu yangu?"

Nilitaka kusema muzee wa duka. Uongo mmoja kwa jioni moja ulikuwa umenitosha.

"Sijui."

Alikubali kwa kichwa, kana kwamba nimemwambia bei ya chumvi. Akamwaga maji ya beseni.

"Kesho ununue tire-bouchon."

Nilikinunua. Jumamosi papa mukubwa alifika kabla ya saa nne, amevaa suti ya kahawia yenye harufu ya sanduku, akakalia kiti cha baba na kujibu maneno ya wageni kwa utani ambao sikujua anao. Waliomba, akawazungusha, wakaomba tena, akawapa. Mimi ndiye niliyefungua chupa. Kila moja niliipeleka mezani imezibwa, nikaizungusha mbele ya macho yao, nikavuta kizibo hadharani. Kila mtu alikunywa. Jasho lilinitoka kana kwamba ninabomoa ukuta.

Mchana niliingia jikoni kupumzika. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo, kitambaa kipya kichwani, miguu imevimba. Alikuwa na kikombe cha plastiki mkononi, kile cha chai. Sikumwona akikijaza. Alininyooshea bila kusema neno.

Nilikipokea na kunywa, mpaka chini, kabla ya kujua ni nini.

Ilikuwa divai ya Jumatano, imekwisha kuchacha.

"Ni kali," nilisema.

"Najua," mama alisema, akapokea kikombe chake.